SOMO LA 14: Kuhamisha Maktaba ya Python Inayowasiliana na Maunzi Kutoka Windows Kwenda Ubuntu

MALENGO YA SOMO

Ukimaliza somo hili, uweze:

(a) kueleza kwa nini maktaba inayowasiliana na maunzi inaweza kufanya kazi kwenye mfumo endeshi mmoja na kukataa kwenye mwingine;
(b) kutaja matabaka manne yaliyo kati ya programu yako na kifaa;
(c) kusakinisha maktaba ya pySerial kwenye Ubuntu, ukiwa na intaneti au bila intaneti;
(d) kusoma ujumbe wa kosa na kutambua tabaka lenye tatizo;
(e) kujibu maswali ya mtihani yanayohusu mada hii.

UTANGULIZI

Programu ya Python inayojumlisha namba mbili hutoa jibu lilelile kwenye Windows, Ubuntu au macOS. Programu inayosoma joto kutoka kwenye kihisi haina uhakika huo. Inategemea vitu vilivyo nje ya Python, na vitu hivyo ni mali ya mfumo endeshi.

Jambo hili huwakuta wanafunzi wengi kwenye kazi ya mradi. Mradi umetengenezwa nyumbani kwenye kompyuta mpakato yenye Windows, na unafanya kazi vizuri. Siku ya kuuonyesha, kompyuta za maabara zina Ubuntu. Msimbo ni uleule, bodi ni ileile, kebo ni ileile, lakini skrini inajaa maandishi ya kosa. Asiyejua sababu huanza kubadilisha msimbo ambao haukuwa na tatizo lolote, na muda unapoisha hana msimbo wa zamani wala mpya.

Shika jambo hili moja: kusakinisha maktaba ni hatua moja tu kati ya nne. Ukijua hatua nne, ujumbe wa kosa utakuambia wewe mwenyewe uko kwenye hatua ipi.

Katika somo zima tutatumia mfano mmoja. Bodi ya Arduino Uno imeunganishwa na kihisi joto LM35 ndani ya banda la vifaranga. Bodi inatuma kiwango cha joto kwenye kompyuta kupitia kebo ya USB, na programu ya Python inakisoma kwa kutumia maktaba ya pySerial.

ISTILAHI MUHIMU

Maktaba: mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa ili watu wengine wautumie kwenye programu zao.

Kifurushi: maktaba iliyofungwa tayari kwa kusambazwa na kusakinishwa.

pip: programu inayopakua na kusakinisha vifurushi vya Python.

Kiendeshi: programu inayouwezesha mfumo endeshi kuelewana na kifaa fulani.

Poti: njia ambayo data hupita kuingia au kutoka kwenye kompyuta. Mfumo endeshi huipa kila poti jina.

Mawasiliano ya mfululizo: utumaji wa data biti moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja.

Mazingira yaliyotengwa: folda yenye Python na vifurushi vyake, isiyoingiliana na Python ya mfumo.

1. MATABAKA MANNE KATI YA PROGRAMU NA KIFAA

Fikiria barua inayotoka kwa programu yako kwenda kwenye bodi. Inapita mikononi mwa watu wanne. Mmoja asipokuwepo, barua haifiki.

Tabaka la kwanza: maktaba ya Python. Hii ndiyo unayoiita kwa amri ya import. Kwenye mfano wetu ni pySerial.

Tabaka la pili: msimbo wa chini wa mfumo. Maktaba nyingi za maunzi huomba msaada wa msimbo ulioandikwa kwa lugha ya C, au wa huduma zilizomo ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Msimbo wa C uliotafsiriwa kwa ajili ya Windows hauendeshwi na Linux.

Tabaka la tatu: kiendeshi. Bila kiendeshi, mfumo endeshi unaona kuna kitu kimechomekwa lakini haujui kukitumia, hivyo hauundi poti.

Tabaka la nne: jina la poti na ruhusa. Poti ipo, lakini programu yako lazima iitaje kwa jina sahihi, na mtumiaji lazima awe na ruhusa ya kuifungua.

Amri ya pip install hushughulikia tabaka la kwanza, na mara nyingine sehemu ya tabaka la pili. Haigusi tabaka la tatu wala la nne. Ndiyo maana pip inaweza kuandika kwamba imefanikiwa, na programu yako bado ikakataa.

2. KWA NINI pySerial INAHAMA KWA URAHISI

Ukipakua pySerial toleo la 3.5 utapata faili lenye jina hili:

pyserial-3.5-py2.py3-none-any.whl

Jina hilo si mapambo. Lisome kipande kwa kipande:

- pyserial ni jina la kifurushi;
- 3.5 ni namba ya toleo;
- py2.py3 maana yake linafaa Python 2 na Python 3;
- none maana yake halina msimbo wa C uliofungwa kwa toleo fulani la Python;
- any maana yake linafaa mfumo endeshi wowote.

Sasa linganisha na faili ambalo jina lake linaishia na win_amd64.whl. Hilo ni la Windows ya biti 64 tu. Jina lenye manylinux na x86_64 ni la Linux kwenye prosesa za Intel au AMD za biti 64. Lenye macosx ni la kompyuta za Apple. Ukibeba faili la win_amd64 kwenye flashi na kulipeleka Ubuntu, pip italikataa.

Unaweza kujiuliza: kama pySerial ni msimbo wa Python mtupu, inawezaje kufika kwenye maunzi ya mifumo tofauti? Jibu liko ndani ya maktaba yenyewe. Inapoanza, hukagua thamani ya os.name. Ikiwa ni nt, yaani Windows, hutumia sehemu iitwayo serialwin32. Ikiwa ni posix, yaani Linux, macOS na jamaa zao, hutumia sehemu iitwayo serialposix. Waandishi wake wameandika njia mbili, na maktaba inachagua inayofaa.

Zingatia: Maktaba huhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine pale tu waandishi wake walipoiandalia njia ya kila mfumo.

3. KUSAKINISHA KWENYE UBUNTU, HATUA KWA HATUA

Kwenye Windows huenda ulitumia amri hii na ikatosha:

py -m pip install pyserial

Kwenye Ubuntu hakuna amri ya py ya Windows. Python huitwa kwa python3. Kwenye matoleo mapya ya Ubuntu, kama 24.04, ukijaribu kusakinisha moja kwa moja utapata:

error: externally-managed-environment

Ujumbe huu haumaanishi kwamba pySerial imeharibika. Ubuntu yenyewe inatumia Python kwa kazi zake za ndani, kwa hiyo haitaki pip ibadilishe vifurushi vyake. Utaratibu huu ulianza Ubuntu 23.04 na Debian 12, zote za mwaka 2023. Una njia mbili halali.

Njia ya kwanza: tengeneza mazingira yaliyotengwa.

sudo apt install python3-venv
python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
python -m pip install pyserial

Neno mazingira hapo ni jina la folda tu, unaweza kuchagua jingine. Kila unapofungua dirisha jipya la amri, rudia mstari wa source kabla ya kuendesha programu.

Njia ya pili: tumia kifurushi cha Ubuntu chenyewe.

sudo apt install python3-serial

Njia zote mbili zinahitaji nywila ya msimamizi kwa amri zinazoanza na sudo. Kompyuta ya maabara si yako, hivyo muombe mwalimu wa maabara akusaidie siku kadhaa kabla, si dakika tano kabla.

Tahadhari: Baadhi ya watu watakushauri uongeze --break-system-packages ili kulazimisha. Jina la chaguo hilo linajieleza: unakubali kuvunja vifurushi vya mfumo. Kwenye kompyuta ya shule usifanye hivyo.

3.1 Maabara isiyo na intaneti

Shule nyingi zina kompyuta lakini hazina intaneti ya uhakika. Kwa kuwa faili la pySerial lina neno any, unaweza kulipakua kwenye Windows na kulitumia kwenye Ubuntu. Ukiwa mahali penye intaneti andika:

py -m pip download pyserial -d vifurushi

Beba folda ya vifurushi kwenye flashi. Ukifika maabara, washa mazingira yaliyotengwa kisha andika:

python -m pip install --no-index --find-links vifurushi pyserial

Chaguo la --no-index linaiambia pip isitafute intaneti. Chaguo la --find-links linaielekeza kwenye folda yako.

Kama kompyuta ya maabara haina python3-venv na hakuna wa kuisakinisha, bado kuna mlango. Ukiwa nyumbani, ingia kwenye folda ya mradi wako na uandike:

py -m pip install --target . pyserial

Hapo folda iitwayo serial itakaa kando ya programu yako. Hamisha folda nzima ya mradi, na Python ya Ubuntu itaikuta papo hapo. Mbinu hii inafaa kwa maktaba za Python mtupu tu. Maktaba yenye msimbo wa C haitakubali.

3.2 Makosa matatu ya tabaka la kwanza

Kosa la kwanza: kuchanganya majina. Kifurushi kinaitwa pyserial, lakini ndani ya msimbo unaandika import serial. Ukiandika pip install serial utaletewa maktaba nyingine kabisa yenye jina hilo, isiyohusiana na poti.

Kosa la pili: kuipa programu yako jina la serial.py. Python hutafuta kwanza kwenye folda ya programu yako, hivyo inajichukua yenyewe badala ya maktaba. Utaambiwa kwamba serial haina kitu kinachoitwa Serial. Badilisha jina la faili, kwa mfano joto_banda.py.

Kosa la tatu: kunakili folda ya mazingira yaliyotengwa kutoka Windows. Kwenye Windows, programu zake zinakaa ndani ya folda ya Scripts. Kwenye Ubuntu zinakaa ndani ya bin. Folda hiyo haihamishwi. Kinachohamishwa ni orodha ya vifurushi. Unaitengeneza kwa amri ya python -m pip freeze, unaihifadhi kwenye faili la requirements.txt, kisha unasakinisha upya kule uendako.

4. KIENDESHI NA JINA LA POTI

Maktaba imekubali. Sasa chomeka bodi na uulize kompyuta inaona poti zipi:

python -m serial.tools.list_ports

Kwenye Windows utaona jina kama COM3 au COM5. Kwenye Ubuntu utaona mojawapo ya haya:

- /dev/ttyACM0: kwa kawaida ni bodi halisi ya Arduino Uno;
- /dev/ttyUSB0: kwa kawaida ni bodi ya bei nafuu inayotumia chipu ya CH340 kwa mawasiliano ya USB.

Herufi kubwa na ndogo zina maana kwenye Linux. Ukiandika ttyusb0 hutapata kitu.

Kuhusu kiendeshi, mambo yamegeuka kinyume na wengi wanavyodhani. Kwenye Windows, bodi ya CH340 inaweza kuhitaji usakinishe kiendeshi chake. Kwenye Ubuntu, kiendeshi hicho kimo ndani ya kiini cha Linux tayari. Kwa hiyo kuhamia Ubuntu kunaweza kukupunguzia kazi.

Kuna hali moja ya kuijua. Kwenye Ubuntu 22.04, bodi ya CH340 inaweza kuonekana kwa sekunde chache kisha poti yake ikatoweka. Chanzo ni programu ya brltty, ambayo huhudumia vifaa vya kusomea nukta nundu kwa watumiaji wasioona. Baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu ileile, hivyo brltty inaichukua bodi yako ikidhani ni kifaa chake. Suluhisho ni sudo apt remove brltty. Hata hivyo, kabla ya kuiondoa, uliza kama kuna mtu shuleni anayeitegemea kompyuta hiyo kwa nukta nundu. Kama yupo, tumia kompyuta nyingine.

Na usisahau kebo. Kebo nyingine za USB zimetengenezwa kwa kuchaji tu, hazina nyaya za data. Taa ya bodi itawaka lakini poti haitaonekana. Jaribu kebo nyingine kabla ya kulaumu kiendeshi.

5. RUHUSA: NAMBA MOJA, SABABU MBILI

Hapa ndipo wengi hukwama. Poti inaonekana, jina ni sahihi, lakini Ubuntu inasema:

[Errno 13] Permission denied: '/dev/ttyUSB0'

Kwenye Linux vifaa vingi huonekana kama mafaili, na kila faili lina mwenyewe, kikundi na ruhusa. Mafaili ya poti za mfululizo kwenye Ubuntu ni ya kikundi kiitwacho dialout. Kama jina lako la mtumiaji halimo kwenye kikundi hicho, huruhusiwi. Msimamizi anakuongeza kwa amri hii:

sudo usermod -aG dialout $USER

Kisha toka kwenye akaunti yako na uingie tena. Usipotoka, mabadiliko hayaonekani, na utadhani amri haikufanya kazi. Kuthibitisha, andika groups, na uone kama dialout imo. Ikiwa msimamizi ndiye aliyeingia kwenye akaunti yake, aandike jina lako la mtumiaji mahali pa $USER. Vinginevyo atajiongeza mwenyewe.

Kwenye Windows unaweza kuona namba hiyohiyo:

could not open port 'COM3': PermissionError(13, 'Access is denied.', None, 5)

Namba ni 13 pia, lakini sababu ya kawaida ni tofauti. Windows huruhusu programu moja tu kufungua poti ya COM kwa wakati mmoja. Mara nyingi poti imeshikwa na dirisha la kusomea data la programu ya Arduino. Lifunge, kisha jaribu tena.

Dokezo la mtihani: Ukiulizwa sababu ya kosa la ruhusa, taja kwanza mfumo endeshi unaouzungumzia. Jibu sahihi kwa Ubuntu ni jibu lisilofaa kwa Windows.

6. MSIMBO USIOFUNGWA NA MFUMO MMOJA

Programu iliyoandikwa serial.Serial("COM3", 9600) imejifunga kwenye Windows, tena kwenye poti moja. Msimbo ufuatao unafanya kazi kwenye mifumo yote kwa sababu unauliza badala ya kubahatisha:

import serial
from serial.tools import list_ports

for p in list_ports.comports():
    print(p.device, p.description)

jina = input("Andika jina la poti: ")

with serial.Serial(jina, 9600, timeout=2) as bodi:
    for i in range(10):
        mstari = bodi.readline()
        maneno = mstari.decode("utf-8", errors="replace").strip()
        print("Joto:", maneno)

Maelezo: 9600 ni kasi ya biti kwa sekunde, na lazima ilingane na kasi iliyoandikwa kwenye bodi. timeout=2 inazuia programu kusubiri milele kama bodi haitumi kitu. Baiti zinazopokelewa hubadilishwa kuwa maandishi kwa decode. Mistari ya kwanza inaweza kuwa tupu, kwa kuwa Arduino Uno hujiwasha upya poti inapofunguliwa.

Mfano wa hesabu. Bodi inatuma 32.5 ikifuatiwa na alama mbili za kumaliza mstari. Hizo ni herufi 6, yaani baiti 6. Kwa mpangilio wa kawaida kila baiti inasafiri na biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, hivyo ni biti 10 kwa baiti. Jumla ni biti 60. Muda = 60 ÷ 9600 = sekunde 0.00625.

7. SI KILA MAKTABA INAHAMA

Usidhani kila maktaba ni kama pySerial. Linganisha tatu zifuatazo.

PyUSB. Imeandikwa kwa Python, hivyo pip inaisakinisha bila shida popote. Lakini inategemea maktaba ya C iitwayo libusb kwenye tabaka la pili. Isipopatikana unapata NoBackendError: No backend available. Kwenye Ubuntu unaiweka kwa sudo apt install libusb-1.0-0. Kwenye Windows unahitaji faili la libusb-1.0.dll, na kifaa chenyewe kiwe na kiendeshi kinachofaa, kama WinUSB.

smbus. Hutumika kwa vihisi vya I2C, kwa mfano kwenye Raspberry Pi. Ina msimbo wa C unaotegemea Linux. Ukijaribu kuisakinisha kwenye Windows itakataa hata ukiwa na kompaila, maana inaomba mafaili ambayo Windows haina.

smbus2. Imeandikwa kwa Python mtupu, hivyo pip kwenye Windows itakuambia imefanikiwa. Ukiandika import smbus2 ndipo unapata No module named 'fcntl'. Moduli ya fcntl ni sehemu ya Python ya Linux na jamaa zake, na haipo kwenye Windows.

Mfano huu wa mwisho ukumbuke vizuri. Usakinishaji ulifaulu, matumizi yakashindikana. Maktaba za namna hii hazina dawa ya amri moja. Unabadilisha mbinu: unaacha programu ya I2C kwenye Raspberry Pi, au unaiachia Arduino isome kihisi na kutuma matokeo kwa USB, ambapo pySerial inatosha.

8. MUHTASARI WA UCHUNGUZI

Soma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa kwanza. Humo ndimo jina la kosa lilimo. Kisha linganisha:

- externally-managed-environment: tabaka la 1. Tumia mazingira yaliyotengwa au apt.
- No module named 'serial': tabaka la 1. Maktaba haipo kwenye Python unayoitumia, au hujawasha mazingira.
- NoBackendError: tabaka la 2. Maktaba ya C haipo.
- No module named 'fcntl': tabaka la 2. Maktaba haikuandikwa kwa ajili ya Windows.
- Orodha ya poti ni tupu: tabaka la 3. Kagua kebo, kiendeshi, na brltty.
- No such file or directory au The system cannot find the file specified: tabaka la 4. Jina la poti si sahihi.
- Permission denied kwenye Ubuntu: tabaka la 4. Kikundi cha dialout.
- Access is denied kwenye Windows: tabaka la 4. Poti imeshikwa na programu nyingine.

Fanya jaribio hili lote angalau wiki moja kabla ya siku ya kuonyesha mradi, kwenye kompyuta ileile utakayoitumia. Andika kwenye daftari lako la mradi kila kosa ulilokutana nalo, tabaka lake, na ulivyolitatua. Kurasa hizo zitakusaidia siku ukiulizwa maswali juu ya mradi wako.

MASWALI YA MARUDIO

1. Taja matabaka manne yaliyo kati ya programu ya Python na kifaa. (Alama 4)

2. Tofautisha faili la kifurushi linaloishia na none-any.whl na lile linaloishia na win_amd64.whl. (Alama 2)

3. Mwanafunzi amesakinisha pySerial kwenye Ubuntu bila kosa. Orodha ya poti inaonyesha /dev/ttyUSB0, lakini programu inatoa Permission denied. Rafiki yake anamshauri aondoe pySerial na kuisakinisha upya.
(a) Je, ushauri huo utasaidia? Toa sababu. (Alama 2)
(b) Eleza hatua sahihi za kutatua tatizo. (Alama 3)

4. Eleza kwa nini folda ya mazingira yaliyotengwa iliyotengenezwa kwenye Windows haiwezi kutumika Ubuntu, na utaje kinachopaswa kuhamishwa badala yake. (Alama 3)

5. Bodi inatuma mstari wa baiti 12 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila baiti ikiwa na biti 10. Kokotoa muda wa kutuma mstari mmoja. (Alama 2)

MAJIBU

1. Maktaba ya Python, msimbo wa chini wa mfumo, kiendeshi, jina la poti na ruhusa.

2. La kwanza halina msimbo uliofungwa kwa mfumo fulani, hivyo linafaa mfumo endeshi wowote. La pili limeandaliwa kwa Windows ya biti 64 pekee.

3. (a) Hautasaidia. Maktaba ni tabaka la kwanza na inafanya kazi, kwa kuwa imeweza kuorodhesha poti. Tatizo liko kwenye ruhusa, ambayo ni tabaka la nne.
(b) Msimamizi amwongeze mwanafunzi kwenye kikundi cha dialout kwa amri ya usermod. Mwanafunzi atoke kwenye akaunti na kuingia tena. Athibitishe kwa amri ya groups, kisha aendeshe programu.

4. Folda hiyo ina programu za Windows ndani ya Scripts, wakati Ubuntu inahitaji programu zake ndani ya bin. Kinachohamishwa ni msimbo wa mradi na faili la requirements.txt, kisha mazingira mapya yanatengenezwa Ubuntu.

5. Biti = 12 × 10 = 120. Muda = 120 ÷ 9600 = sekunde 0.0125.

Kwenye swali la 3, wengi hupoteza alama kwa kuruka sehemu ya kutoka na kuingia tena kwenye akaunti. Iandike wazi, hata kama unaiona ni ndogo.